Mtulizi wa Editruda

Siku ya majibu Gwamaka Mwaisumo alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe la kanisani, akafika hospitali wasafishaji hawajamaliza hata kupiga deki. Alijua atatajwa yeye. Kama si yeye, nani? Mke ni wake, ndoa ya kanisani, watoto wameshakua na kuondoka. Kilichokuwa kinamsumbua ni kitu kidogo tu: akimshika mkewe mkono kule chumba cha upasuaji, avae glovu au asivae?

Dakta Nasra Mbaruku alimvutia kiti mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Tanga, mpole kwa kawaida yake, lakini asubuhi ile upole wake ulizidi. Na mtu mzima akiona daktari amezidisha upole, anajua kuna jambo.

"Mzee Mwaisumo, kikuku kimeshasoma. Mtulizi wa mama amepatikana, na ni mzuri mno. Ni nadra sana kumpata mtu anayemtuliza mgonjwa kiasi hiki."

"Tumshukuru Mungu," Gwamaka akasema, akajiweka sawa kitini kama anayetaka kupigwa picha.

"Ni Bwana Kandidus Ngonyani."

Gwamaka alicheka. Alicheka kweli, tena kwa sauti, maana alidhani daktari anamchangamsha. Alipoona mwenzake hacheki, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Yule ni mtani," alisema. "Yule Mngoni, mke wangu Mhehe, wanataniana. Hakuja kupimwa yule, Dakta. Alikuja kuleta boga!"

"Kikuku hakijui nani kaleta boga, Mzee."

Hapa tuelewane, maana wako ambao Kurunzi wameisikia tu kwa majirani. Kurunzi ni jina la mitaani. Lile la kitaalamu ni refu na halina utamu. Ni kijiti chenye tufe dogo nchani, ukubwa wa ndimu. Daktari akishaukata uvimbe kwenye titi na kuutoa, analitia lile tufe kwenye shimo lililobaki, kidonda kikiwa bado kiko wazi, na mionzi inaunguza masalia ambayo jicho haliyaoni. Tufe linatolewa, mama anashonwa, kwisha. Bibi zetu hawakuwa na bahati hiyo. Walikuwa wakikatwa leo, kisha wanahamia mjini kwa wiki nzima nzima kupigwa mionzi kila kukicha, huku mashamba yakiota nyasi.

Tatizo ni titi la kushoto, ambalo moyo uko jirani yake. Kwa hiyo Kurunzi ya siku hizi imefundishwa adabu: inapiga mionzi kati ya pigo la moyo na pigo linalofuata, moyo ukiwa umejikunyata upande wake. Moyo ukitulia, inafanya kazi. Ukienda mbio, inajizima yenyewe. Nayo haidanganyiki kwa dawa: ukimlaza mgonjwa usingizi au ukimpa kidonge cha kumtuliza, inaukataa ule mpigo, haiwaki ng'o. Basi mgonjwa anapigwa ganzi ya kifua, anabaki macho, na kichwani kwake anakalishwa mtu wa kumtuliza. Huyo ndiye mtulizi. Anatafutwa kwa kikuku, ambacho mgonjwa anavaa mkononi siku watu wanapomiminika kumjulia hali, nacho kinausikiliza moyo wake kila anapoingia mtu.

Mgonjwa mwenyewe haambiwi ni nani hadi amwone, kwa kuwa akijua ataanza kujichunguza na utulivu utapotea. Anaambiwa mwandani wake peke yake, yule aliyemchagua amsimamie, na mwandani ndiye anayekwenda kumleta mtulizi. Hospitali haimwiti mtu. Ndoa ngapi zimevunjika tangu vikuku vianze kuvaliwa? Waulizeni mapadri na masheikh, wao ndio wanaopelekewa kesi.

"Na mimi?" Gwamaka akauliza.

"Huwa tunamtaja wa kwanza tu, Mzee."

"Dakta, nimeuliza. Na mimi?"

Dakta Nasra alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye. "Wewe ukiingia, moyo wake unapanda."

"Unapanda."

"Ndiyo."

"Kwa furaha, au?"

"Kikuku hakisemi kwa nini."

Mtu mwingine angeaga akaenda zake kulia chooni; Gwamaka alijikaza kisabuni na kuuliza wa pili ni nani. Akaambiwa ni Fidea, dada wa mgonjwa.

"Fidea anafaa, lakini kwa shida," Dakta Nasra alisema. "Nisikufiche. Nikiwa na Ngonyani pale, nafanya kazi yangu bila wasiwasi. Nikiwa na dada mtu, nitakuwa nakata huku naomba dua. Kurunzi ikijizima mara ya tatu haiwaki tena, na kidonda hakiwezi kusubiri kikiwa wazi. Itabidi nilitoe titi lote. Mama atapona, hilo usiogope. Ila unajua alichosema."

Alijua. Editruda alikuwa amewaambia wote, yeye, daktari, na binti yao Bupe kwenye simu: "Nalitaka titi langu. Msiniulize la nini."

"Chaguo ni la kwako, wewe ndiye mwandani," daktari alimalizia. "Kesho kutwa tunaanza asubuhi."

*

Kandidus Ngonyani alikuwa na karakana Mafinga, nyuma ya viwanda vya mbao, akitengeneza ndege za mizigo zile ndogo zisizo na rubani, zinazopeleka dawa na vipuri vijijini. Mwanamume mrefu, mjane, na sauti yake inasikika kabla hajatokea. Gwamaka alikuwa hajavuka mlango bado, sauti ikampokea.

"Mpangaji wangu huyo! Karibu! Mke wangu hajambo huko nilikomwacha?"

Ndiyo salamu yake ya miaka yote. Kwamba Editruda ni mkewe yeye, kwamba Gwamaka amepangishwa tu, na siku yoyote mwenye nyumba atarudi. Mtaa mzima waliijua, mtaa mzima walicheka. Gwamaka naye alicheka kwa meno. Si kwamba hakuujua utani, jamani. Kwao Rungwe watani wapo, na msibani kwa baba yake mtani alilala kaburini akakataa kutoka hadi apewe ng'ombe, na Gwamaka alimpa huku akifuta machozi ya kicheko. Utani aliujua vizuri. Lakini kujua kitu ni kimoja, na kukimeza ni kingine.

Kilichomla hakikuwa lile neno "mke wangu." Kilichomla ni kicheko cha Editruda. Kandidus akija, Gwamaka angekuwa uani anapanga mbao na kumsikia mkewe jikoni akicheka kicheko cha tumbo, cha kuangusha mwiko, na kujibu matusi kwa matusi mazito zaidi. Yeye akiingia, kicheko kinakatika. Editruda anafuta macho kwa upindo wa kanga na kumuuliza, "Chai niweke?" Chai! Nani alitaka chai? Miaka yote hiyo Gwamaka alijiuliza wanachekea nini, na kwa nini hakichekwi mbele yake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kwake yeye hata lisilosemwa lilikuwepo.

Njia nzima kutoka hospitali alikuwa ameupima uongo. Amwambie daktari kwamba Kandidus amesafiri. Nani angejua? Ndege za Kandidus zinaanguka Ludewa, zinaanguka Makete, anasafiri kila mara. Fidea angekaa pale, na mambo yangekwenda, au yasingekwenda. Lakini hilo "yasingekwenda" lilikuwa na sura ya Editruda, ndiyo maana miguu ilimleta hapa.

Akamweleza. Kandidus aliweka chini bisibisi, akaketi juu ya kreti. Sauti yake kubwa ilipungua.

"Mimi? Au umesikia vibaya?"

"Wewe."

"Dada yake je? Wewe mwenyewe je?"

"Usinirudishe huko," Gwamaka akasema.

Kandidus alikuna kichwa. Alionekana ameogopa, kitu ambacho Gwamaka hakuwahi kukiona usoni kwake, na kikamkera zaidi. Mtu asiye na jambo anaogopa nini?

"Mimi kazi yangu kwa yule mama ni matusi tu," Kandidus alisema. "Sina kingine."

"Na hayo ndiyo sitaki. Sikiliza. Utakwenda, lakini kwa masharti. Hutamwita mke wako. Hutamtukana, hutataja mbwa mnaosema Wahehe wanawala, wala huyo babu yake aliyepigana na babu zenu. Utamshika mkono, vidole tu, na ukisema kitu ukiseme kiungwana. Mke wangu atakuwa kalala kifua wazi mbele ya watu, sitaki upuuzi. Apia."

"Utani nao unaapiwa, Gwamaka?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Gwamaka hakupepesa hata kope.

"Apia, la sivyo namchukua Fidea."

Kandidus alisimama kutoka kwenye kreti. "Unamwita mkulima, halafu unamnyang'anya jembe," akasema. Kisha akainua mkono. "Naapa kwa kaburi la mke wangu. Sitatania hadi wewe mwenyewe unifungue."

Gwamaka aliondoka pale kifua mbele. Mwenye wivu akishinda kitu kidogo anajiona ametwaa nchi nzima.

*

Kibanda cha mwandani kilikuwa nyuma ya kioo, ndani ya chumba cha upasuaji chenyewe. Kulikuwa na kiti, skrini inayoonyesha mpigo wa moyo, na vitufe viwili: kimoja cha kusema na chumba kizima, cha pili cha kusema kwenye sikio la mtulizi peke yake. Gwamaka alimwona Editruda amelala, pazia la kijani likikingama shingoni asione kinachofanyika chini. Kofia ya plastiki ilimfanya aonekane mdogo.

Dakta Nasra alikuwa ameshafanya kazi yake. Uvimbe ulitoka mzima, kingo safi kwa macho. Kijiti cha Kurunzi kilishushwa, tufe likaingia mahali pake. "Mleteni mtulizi," akasema.

Kandidus aliingia amevalishwa gauni la buluu lililomfika magotini tu. Editruda aligeuza macho, akamwona. Pale pale, kabla mtu hajasema neno, namba kwenye skrini ikaanza kushuka, tena bila haraka, kama mtu anayeketi baada ya safari. Kurunzi ikalia mlio mwembamba, ikawaka.

Gwamaka aliiona namba ile ikishuka na roho ikamuuma isivyosemeka. Kumbe ni kweli. Alikuwa bado na tumaini kwamba kikuku kimekosea.

"We! Mla panya!" Editruda akasema, sauti dhaifu lakini macho yamechangamka. "Hospitali nzima wamekosa watu?" Akasubiri. Alikuwa amemtupia, ilikuwa zamu ya mwenzake kurudisha.

Kandidus aliketi, akamshika vidole. "Habari za asubuhi, Mama Bupe," akasema. "Pole sana na maradhi. Mungu ni mwema."

Editruda akamkazia macho. "Umesemaje?"

"Nasema pole, mama. Jipe moyo."

Namba ikaruka. Kurunzi ikajizima, taa nyekundu ikawaka juu ya mlango.

"Kandidus, nina nini?"

"Huna kitu, mama. Tulia tu."

"Unaniita mama!" Alijaribu kuinua kichwa, muuguzi akamrudisha. "Dakta! Mmekuta nini huko ndani? Niambieni tu, mimi ni mtu mzima."

"Mama, tumekuta tulichokitarajia na tumekitoa. Kila kitu kinakwenda vizuri," Dakta Nasra alisema.

"Mnanificha! Huyu mtu mnamjua nyie? Huyu alimtania mama yangu akiwa ndani ya jeneza. Alimuuliza nani atakula mbwa wake waliobaki, watu wakacheka na kilio chao. Msibani hanyamazi huyu! Leo anasema pole? Basi limenifika kubwa kuliko msiba." Machozi yalimtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni. "Nakufa mimi. Nakufa na mmemleta aniage."

Wakangoja. Wakamwimbia maneno ya kumtuliza, muuguzi huyu na yule. Namba ilishuka kidogo, daktari akawasha tena. Kandidus akafungua mdomo, akaufunga, kisha akasema kwa unyonge, "Mungu hamtupi mja wake." Kurunzi ikajizima mara ya pili.

Dakta Nasra alikigeukia kioo. Kwa mara ya kwanza upole ulikuwa umemtoka. "Mzee Mwaisumo, kuna nini hapa? Huyu siye mtu niliyemwona kwenye kikuku. Unajua chochote?"

Kandidus naye akakitazama kioo. Jasho lilimtiririka. Angeweza kusema, "Muulizeni yeye." Hakusema. Alikuwa ameapa, akakaa na kiapo chake kama punda na mzigo.

Na Gwamaka? Gwamaka alikuwa anajua, yeye peke yake chumba kizima. Aliielewa ile hofu barabara: mtani akikuheshimu, umekwisha. Mtoto wa shule anajua hilo. Yeye alimfunga Kandidus mdomo akidhani anafunga mapenzi, kumbe ameyafunga maisha ya mkewe.

Lakini hakubonyeza kitufe. Tuseme ukweli wote, hata kama unanuka. Lilimjia wazo, nalo lilikuja limevaa koti la busara. Lilisema: acha izime mara ya tatu. Daktari amesema atapona. Titi litoke, hatari yote itoke nalo, si ndio usalama? Na Kandidus ataonekana si kitu, kikuku kitaonekana kimedanganya, na hakuna atakayesema tena kwamba moyo wa mke wa Gwamaka unatulia kwa mwingine. Halafu wazo likavua koti, likasema lililokuwa linataka kusema tangu mwanzo: na titi likishaondoka, nani atamwita tena mke wangu?

Gwamaka alilisikia neno hilo kichwani mwake kwa sauti yake mwenyewe. Akainuka kitini.

"Najaribu mara ya mwisho," Dakta Nasra alikuwa anawaambia wauguzi. "Andaeni vya kutoa titi, tusipoteze muda."

"Dakta, nakuomba," Editruda alisema. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama anayeomba maji. "Kama nakufa, niacheni nife nalo. Nalitaka titi langu."

Gwamaka akabonyeza kitufe cha chumba.

"Nilimkataza mimi."

Wote wakageuka. Kwenye skrini, namba ikapanda kwa sauti yake, aliiona, akaendelea.

"Huumwi kingine, Mama Bupe. Nilimwapisha asikutanie. Nilimwambia akuheshimu. Ni wivu wangu tu, hakuna ugonjwa hapo." Akameza mate. "Kandidus, nimekufungua. Mbele ya watu hawa. Mtanie. Nitanie na mimi."

Muuguzi mmoja aliinamisha uso. Kandidus akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, na ile sauti kubwa ikarudi.

"Unasikia, Mhehe wewe? Mwanamume mzima, mpangaji wa chumba kimoja, ananiapisha! Nimekaa hapa na adabu hadi meno yananiuma!"

Editruda alimtazama. Kope zilikuwa bado zimelowa. "Hunidanganyi? Sifi?"

"Ufe uende wapi? Huko mbinguni wameshasikia unakuja, wamefungia mbwa wote. Hapa Mafinga tangu ulazwe mbwa wanatembea mchana kweupe, wamenenepa, wamefungua kwaya. Kuna mmoja mwekundu nimemwambia, we mjinga, jifiche, yule mama anatoka Jumamosi."

"Mla panya," Editruda akanong'ona. "Mla panya na mikia yake."

Namba ilianguka. Kurunzi ikalia ule mlio wake mwembamba, ikawaka, na safari hii ikabaki inawaka.

"Mikia ndiyo mitamu," Kandidus akasema. "Usicheke kwa kifua, mke wangu, cheka kwa macho. Ukipona narudi nyumbani. Huyu mpangaji namtoa na shuka zake za maua."

"Utatoka tena mbio, kama babu zako walivyotukimbia."

"Hawakuwakimbia nyie. Walikimbia harufu ya sufuria lenu!"

Wauguzi walikuwa wanang'ata midomo. Dakta Nasra mwenyewe mabega yalimtikisika, akajikaza, mkono wake kwenye kijiti hata haukuyumba. Na nyuma ya kioo Gwamaka alisimama akila kila neno. Kila "mke wangu" ilimchoma palepale ilipomchoma ile ya mwanzo, miaka ile, wala haikupunguza makali. Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala mororo. Kadiri yeye alivyoumia, ndivyo ulivyolala. Alitamani kuvunja kioo, na papo hapo alikuwa anaomba Kandidus asinyamaze.

Kandidus akaanza kuishiwa. Mtu hata awe bingwa, kutania huku tufe la moto liko kifuani mwa mwenzako si mchezo. Alirudia la mbwa, akarudia la panya, kisha akanyamaza na kukitazama kioo. Namba ikatikisika.

Gwamaka akabonyeza kitufe cha pili, cha sikio.

"Mwambie nilipokwenda kuposa," alisema haraka. "Kwao walinikaribisha nyama. Nikadhani ni mbwa. Nikala ugali mkavu, nikasema nina kidonda cha tumbo. Mama yake akanichemshia mizizi ya dawa, nikanywa bakuli zima. Ilikuwa nyama ya mbuzi. Sijawahi kumwambia mtu."

Macho ya Kandidus yalitoka pima. Alimgeukia mgonjwa, akainama, akaanza kusimulia kwa utamu ambao Gwamaka mwenyewe hakuwa nao, akaigiza na tumbo linavyosokota. Editruda alifumba macho. Kicheko kilimtoka puani, chembamba, kile kile cha jikoni. Gwamaka alikisikia chote, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kukikata. Kilikuwa kinamchekea yeye, na bado aliyekuwa ameshikwa mkono hakuwa yeye.

Mlio ukakoma. "Imetosha," Dakta Nasra akasema. "Tufe linatoka. Mama, titi lako unalo."

*

Siku ya pili baada ya pale, Editruda aliketishwa kitandani, mto mgongoni, bandeji kifuani. Kikuku kilikuwa bado mkononi, kwa kuwa walitaka kuendelea kuusikiliza moyo, na skrini ndogo ukutani ilionyesha namba. Kandidus alikuwa amepita asubuhi, ametukana, ameondoka. Gwamaka alimenya chungwa, akampa, akaketi kwenye kiti cha karibu.

Walizungumza habari za Bupe, za mbao, za mvua. Kisha akashindwa kujizuia.

"Kikuku kilisema nikiingia moyo wako unapanda."

Editruda aliacha kutafuna. "Ndivyo kilivyosema?"

"Nikadhani pengine unanichukia."

"Nikuchukie! Ningekuchukia ningekuchagua kuwa mwandani?" Alilitazama chungwa mkononi. "Hapana, Baba Bupe. Sikuchukii hata kidogo."

"Basi ni nini?"

Editruda akaliweka chungwa kando.

"Wewe nakupimia maneno," akasema. "Kabla sijasema kitu nakigeuza kwanza. Hiki kitamuuma. Nikimtaja huyu, ataniuliza ni nani. Nikichelewa sokoni, njia nzima napanga nitakavyosema. Hata kucheka nakupimia, nisicheke sana ukauliza nini kimechekesha. Nimezoea, nilidhani ndivyo ndoa ilivyo. Kandidus simpimii, basi. Hakuna kingine pale. Sikujua kama moyo nao ulikuwa unapima, na kwamba watu wanaweza kuusikia."

Aliyasema yote bila hasira, kama anayemweleza mtu njia. Gwamaka aliyasikia, akayaelewa, moja baada ya jingine. Aliona aibu. Angependa kusema nisamehe, na neno hilo lilikuwa linakuja, kweli lilikuwa linakuja. Lakini nyuma yake lilikuja jingine, lenye nguvu zaidi, lile la siku zote, likampita mwenzake njiani. Kama anapima, anapima nini? Mtu asiye na la kuficha anapimia nini? Sokoni alichelewa na nani?

Akafungua mdomo.

Hakuwa ametoa sauti bado. Editruda alikuwa anamtazama mdomo tu, ametulia, amejiweka tayari, uso wake haukubadilika hata chembe. Kule ukutani namba ilikuwa imeshaanza kupanda.

Gwamaka aliiona. Ikapanda tena. Akaufumba mdomo, akauweka mkono juu yake kuushikilia, akakaa hivyo kitini, macho ukutani, akisubiri ishuke.